Pasi kwa Shangazi

Vijana wenzangu wa idara ya michezo mmeniomba niandike kidogo kabla sijasahau, nami nimekubali kwa sababu nimeanza kusahau. Juzi nilimwita mjukuu wangu kwa jina la golikipa. Nimestaafu, nakaa Nyakato, asubuhi napalilia mchicha wangu, na jioni saa ya mazoezi ikifika miguu inaniuliza tunakwenda wapi. Vyeo sitavitaja, havikuwa vingi. Mishahara mnaijua. Nitaanza na pampu.

Siku yangu ya kwanza kazini, katika shule moja ya sekondari mjini Musoma, nilikabidhiwa vipindi vya jiografia pamoja na ufunguo wa stoo ya michezo. Nilikuwa nimepanga chumba Nyasho, nikatembea kutoka huko na viatu vya kisigino, kwa kuwa hakuna aliyeniambia kuhusu stoo. Kilikuwa chumba kidogo nyuma ya jiko, kinachonuka ngozi, majivu na panya. Ndani alikuwamo Mwalimu Magesa, mwalimu wa michezo wa zamani pale, mrefu, mwenye sauti ya chini, ameshika mpira uliolegea. Hakunisalimia. Alinipa pampu.

“Jaza.”

Nikachomeka sindano ikiwa kavu. Ilikwama, nikaisukuma kwa nguvu, na mpira ukatoa mlio mwembamba wa kusikitisha.

“Umeshaua mmoja,” akasema. “Karibu kazini, dada. Sindano inalambwaga kwanza.”

Nimelamba sindano za pampu maisha yangu yote tangu siku ile, na watoto wamekuwa wakinicheka maisha yangu yote, lakini sikuua mpira mwingine.

Mwalimu Magesa alinifundisha mambo ambayo chuoni hayakuwamo. Alinifundisha kuchora mistari ya uwanja kwa majivu ya jikoni badala ya chokaa, kwa sababu chokaa inambabua mtoto anayeteleza kwa paja. Alinifundisha kupita uwanjani asubuhi baada ya mvua na ndoo ya mchanga, kuziba mashimo ya kwato, maana ng'ombe wa Mara hawajui ratiba ya michezo. Nyavu za goli tuliomba kwa wavuvi wa vijiji vya rasini, nyavu zilizochakaa kwa kuvuta sangara. Zilikuja na harufu yake. Golikipa wetu wa wakati huo alisema timu pinzani zinaogopa kusogea langoni kwa sababu ya harufu ile, na siwezi kusema alikosea, kwani msimu ule tulifungwa magoli machache sana.

Kitu kikubwa alichoniachia hakikai stoo. Yeye alikiita kulitembea goli.

Mara ya kwanza kuona, timu yetu ya wavulana ilikuwa imefungwa mechi ambayo shule nzima ilikuwa imeshaisherehekea kabla haijachezwa. Mpira ulimpita golikipa katikati ya miguu. Jumatatu kijana yule alikuja shuleni akipita nyuma ya madarasa ili asionekane. Jioni Mwalimu Magesa akawaita uwanjani wote, akafunga stoo, mpira ukabaki ndani. Akawapanga kila mmoja pale alipokuwa wakati goli linaingia. Kisha wakaanza kurudi nyuma, polepole, hatua kwa hatua, kutoka wavuni. Kila mmoja alitakiwa kusema mambo mawili tu: nilikuwa hapa, niliona hiki. Kumsema mwenzako kulikuwa marufuku.

“Langoni ndiyo limeishia,” Mwalimu Magesa akawaambia. “Tutafute lilikoanzia.”

Wakarudi, wakarudi, mpaka wakafika upande wa pili kabisa wa uwanja, kwenye mpira wa kurusha ambao mabeki wawili walikuwa wameugombania, kila mmoja anataka arushe yeye. Wakati wanagombana, winga wa wapinzani alikuwa ameshaanza kukimbia. Golikipa alikuwa nyuma kule peke yake, hajui chochote. Nilimwona akisimama wima taratibu, kama mtu aliyetuliwa gunia.

Mzee yule alikuwa na masharti yake. Usimsemeshe mtoto aliyefungwa kabla hajala. Usilitembee goli siku ileile. Na usimlazimishe mtu kuja. Hilo la mwisho sikulielewa mpaka nilipohamishiwa Bunda.

Shule ya Bunda ilikuwa mbele ya Manyamanyama, mahali ambapo nyumba za mji zinaachana na yanaanza mashamba ya pamba. Wazazi wengi walikuwa wakulima na wafugaji. Jumapili nusu yao walikuwa kanisani, na wengine walikuwa na mambo yao ya ukoo ambayo hawakuyaeleza kwa walimu wageni, nami sikuuliza. Uwanja ulikuwa mpana, tambarare, wenye nyasi nzuri kuliko uwanja wowote niliowahi kupewa. Na ulikuwa na jiwe.

Si jiwe la kuokota. Lilikuwa mwamba uliochomoza ardhini, kimo cha kiuno, upande mmoja umenyooka kama ukuta. Lilikaa ndani ya uwanja upande wa kulia, karibu na mstari, mbele kidogo ya eneo la hatari. Ukoo uliotoa ardhi ya shule ulikuwa na desturi ya kuanika juu yake ulezi wa kwanza wa kila mavuno, kabla ya mtu yeyote kuula. Walipotoa ardhi waliomba kitu kimoja, jiwe lisivunjwe. Shule ikakubali. Baadaye likaja suala la uwanja, na sehemu tambarare ilikuwa ni ile ile tu. Basi wakachora mistari, jiwe likawa ndani, na kwa kuwa halikuwa na namba mgongoni refa hakuwa na la kulifanya. Likiguswa na mpira, mchezo unaendelea.

Nilianzisha timu ya wasichana pale. Mwanzoni walikuja wachache, wengine kwa kukwepa kumwagilia bustani ya shule. Kati yao alikuwamo binti wa kidato cha tatu aliyeitwa Wegesa, mwembamba, mpole darasani mpaka unamsahau. Uwanjani alicheza winga ya kulia, upande wa jiwe, na huko hakuwa mpole hata kidogo. Ukoo wenye jiwe ulikuwa ukoo wao. Alikuwa amelichezea tangu anajifunza kutembea, na aliujua uso wake wote.

Ndiye aliyeanza. Beki akimfuata kwenye mstari, Wegesa alikuwa anaupiga mpira kwenye ule upande ulionyooka, anamzunguka beki kwa nje, na mpira unamkuta mbele, mwororo, mguuni. Jiwe halikuwahi kukosea pasi. Wenzake wakalipa jina, wakaliita Shangazi.

“Kwa nini Shangazi?” niliwauliza.

Akanijibu Mkami, kiungo wetu, msichana mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. “Madamu, baba ukimwomba anakunyimaga. Shangazi hanyimagi.”

Ikawa wimbo wa uwanja. Mpira ukifika kulia, benchi zima, wapishi, hata mlinzi wa shule: “Mpe Shangazi! Mpe Shangazi!” Timu zilizokuja kututembelea zilicheka kwanza, halafu ziliacha kucheka. Na kwa kuwa uwanja wetu ndio uliokuwa mpana kuliko yote ya jirani, hatua za mwanzo za mashindano zilichezwa kwetu. Tukashinda zote. Wegesa akaanza kutembea darasani kichwa juu. Baba yake, mkulima wa pamba asiyependa maneno mengi, alikuja kusimama nyuma ya goli na baiskeli yake, haondoki mpaka filimbi ya mwisho.

Fainali ya mkoa ikapangwa Musoma.

Uwanja wa Musoma ulikuwa mzuri, umefyekwa, mistari imenyooka, upepo wa ziwa unapita juu yake. Hapakuwa na jiwe. Tulikuwa tunalijua hilo, kila mtu anajua kwamba jiwe halisafiri. Mchezo ulikwenda vizuri. Wakatufunga, tukarudisha. Dakika za mwisho mpira ukaangukia kulia, kwa Wegesa, na beki wao, binti mkubwa mwenye mwendo wa taratibu, akambana kwenye mstari.

Nilimwona anainua bega. Nilijua anafanya nini kabla hajafanya, nikafungua mdomo, sauti haikutoka.

Aliupiga mpira kulia kwake, kwa nguvu ileile, pembe ileile. Akamzunguka beki kwa nje, akatokea mbele, akafungua mguu kuupokea. Alisimama hivyo, mguu umefunguka, macho yapo kwenye hewa, anasubiri mpira urudi kutoka mahali ambapo hapakuwa na kitu. Mpira ulikuwa umemfikia beki wao mwingine aliyekuwa amesimama peke yake kando ya mstari. Akashangaa kidogo, akaupiga mbele mrefu. Mshambuliaji wao akaukimbilia. Tukafungwa.

Watu wa Musoma hawakujua habari za Shangazi. Walichoona ni msichana aliyetoa pasi kwa mtu asiyeonekana, akakimbia kuipokea. Uwanja mzima ukacheka. Mmoja akapiga kelele, “Yule anacheza na jini!” na kelele ile ikashika. Mwingine alikuwa anarekodi kwa simu.

Nilifuata masharti ya Mwalimu Magesa. Niliwapeleka kwa mama mmoja anayekaanga samaki, tukaagiza sato na furu, tukanyamaza, wakala. Wegesa hakula. Alikuwa anachambua mnofu kwenye miiba na kuupanga pembeni ya sahani, vizuri kabisa, kana kwamba anamwandalia mtoto. Mkami, aliyekuwa amekaa mbele yake, akasema bila kumwangalia, “Wengine tulikimbia mpaka mapafu yanauma, mwenzetu anagawa mpira kwa majini.” Nilimgusa Mkami bega, akainama kwenye sahani yake.

Tulirudi Bunda. Video ilikuwa imetangulia.

Siku iliyofuata, Jumamosi, Wegesa alikuja nyumbani kwangu na njumu za shule mkononi. Alikuwa ameziosha, na kamba amezifunga pamoja.

“Shikamoo Madamu.”

“Marahaba, mwanangu. Za nini hizo?”

“Mpe mwingine.”

“Mwingine nani?”

“Yeyote. Mimi sitaki tena mpira uje kwangu.”

Wenzangu, nimewaona watoto wakilia, wakivunja vitu, wakitukana marefa. Hao wanarudi. Huyu alikuwa ameongea bila hasira, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Mtu anaweza kuishi miaka mingi akiwa hataki mpira uje kwake, darasani, kazini, nyumbani kwake mwenyewe, na hakuna atakayegundua kwa sababu hasumbui. Nilizipokea njumu. Nilimwambia Jumatatu jioni tutalitembea goli. Akasema, “Sitakuja.” Nikakumbuka sharti la tatu, nikamwambia, “Sawa.”

Jumapili mchana nikaitwa shuleni. Baba yake Wegesa alikuwa uwanjani, amevaa bado shati la kanisani, na ndugu zake wawili. Walikuwa wamelizungushia jiwe kuni na matairi ya zamani. Wenye kupasua mawe mnajua: unawasha moto mkubwa juu ya mwamba, ukishapata moto sana unamwagia maji, unapasuka wenyewe. Ndoo za maji zilikuwa zimepangwa. Mkuu wa shule alikuwa amesimama pembeni, hajui ashangilie au azuie. Mwenyewe alikuwa ametamani jiwe liondoke siku nyingi, lakini si mbele ya wenye ukoo.

“Baba Wegesa, habari za ibada?”

“Mbaya,” akasema. “Leo kanisani mtoto mdogo kabisa, hajaota meno vizuri, amemnyooshea mwanangu kidole. Anasema, yule wa jini. Na mama yake anacheka.” Akatazama jiwe. “Baba yangu alianika ulezi hapa. Babu yangu alianika hapa. Lakini mimi siwezi kuwa na jiwe na nisiwe na mtoto. Tangu juzi hasemi. Nikimwita anaitika, lakini hasemi.”

Mkononi alishika kiberiti. Alikuwa anakwenda kuchoma kitu cha baba yake, na alikuwa ameshaamua.

“Nipe mpaka kesho jioni,” nikamwambia. “Nalihitaji jiwe hapo lilipo. Nikishindwa, nitakusaidia kubeba maji.”

Akafikiri. Akatia kiberiti mfukoni. Kuni akaziacha palepale.

Jumatatu jioni timu ilikuja, pungufu ya mmoja. Tuliacha mpira stoo. Niliwapanga kama walivyokuwa Musoma. Nilijua Wegesa yupo, kwa sababu kwenye baraza la darasa la mwisho, hatua chache kutoka mstari wa kulia, kulikuwa na mtu amekaa amefungua daftari la hesabu na hageuzi kurasa.

Tukaanza wavuni. Golikipa akasema, “Nilikuwa hapa. Niliona watu wawili wanakuja, mmoja wao hana mpira, nikamwangalia yule asiye na mpira.” Kicheko kidogo. Tukarudi. Beki wa kati akasema, “Nilikuwa hapa. Nilikuwa natembea.” “Unatembea kwenda wapi?” “Sijui Madamu, natembea tu.” Tukarudi mpaka kwenye ile pasi. Pale palikuwa patupu.

“Hapa alikuwepo mtu,” nikasema. “Nani atamsimamia?”

Walitazamana. Wote walimtazama Mkami, kwa sababu ndiye aliyekuwa amesema sana, njiani, bwenini, kila mahali. Mkami akabetua mdomo, akaenda. Akasimama kwenye mstari, mgongo kwa benchi, mbele yake msichana mmoja kama yule beki wa Musoma.

“Haya. Una mpira. Beki amekubana. Ulikuwa wapi, uliona nini?”

“Mimi siyo mimi sasa, mimi ni Wegesa?”

“Wewe ni Wegesa.”

Akainua kichwa kutafuta. Akatazama kushoto kwake, mahali ambapo kiungo anatakiwa aje kumsaidia winga aliyebanwa. Akatazama nyuma, kwa beki wa pembeni. Akatazama katikati. Wenzake walikuwa wamesimama pale walipokuwa wamesimama Musoma, mbali, mikono kiunoni, kama watu wanaosubiri chai.

“Madamu,” akasema, “hapa hakuna mtu.”

“Nani alitakiwa awepo?”

Ng'ombe wa jirani walikuwa wanapita nyuma ya goli na vumbi lao. Upande wake wa kulia Mkami alikuwa na jiwe tu, pamoja na kuni zake.

“Mimi,” akasema. Sauti ile kubwa ilikuwa imekwisha. “Nilikuwa nimeshasimama. Nilijua atampa Shangazi.”

Beki wa pembeni akasema taratibu, “Na mimi nilijua.”

“Hata mimi,” akasema mshambuliaji. “Nilishaanza kukimbilia krosi.”

Mmoja baada ya mwingine, wakasema. Golikipa alikuwa wa mwisho. Walikuwa wamesimama kwenye uwanja mtupu wa Musoma, na kila mmoja wao alikuwa ameliona jiwe. Miezi yote ile winga wao alipokuwa na Shangazi hakuna aliyehitaji kwenda kumsaidia, na miguu yao ilikuwa imejifunza kusimama. Wegesa ndiye pekee aliyekuwa na mpira mguuni wakati kosa la wote lilipofika. Mimi mwenyewe sikuwahi kuliona goli lile hivyo mpaka dakika ile. Nilikuwa nimekuja na hotuba ya kumtetea mtoto mmoja, na ikabaki mfukoni.

Ndipo sauti ikatoka barazani.

“Hukuwa hapo, Mkami.”

Wegesa alikuwa amesimama, daftari limeanguka. Hakuwa anatutazama usoni. Alikuwa anaonyesha kwa kidole mahali Mkami alipoanzia kabla ya kuja kumsimamia.

“Hukuwa hapo hata karibu. Ulikuwa kule, nyuma ya duara. Ulikuwa unafunga kamba.”

“Kamba gani wewe?”

“Kamba za viatu! Nilikuona! Umeinama!”

Mkami akafikiri. “Kweli,” akasema. “Nilikuwa nafunga kamba.”

“Sasa usimame pa kwako vizuri, siyo unadanganya goli.” Na Wegesa akaingia uwanjani, peku, akamsukuma Mkami kwa kiganja atoke. Akasimama pale. Akainua bega lile lile. “Mimi nilikuwa hapa,” akasema. “Niliona…” Akageukia jiwe. “Niliona Shangazi. Naapa Madamu, nilimwona.”

Mkami hakwenda kumkumbatia, hawakuwa na tabia hizo. Alirudi nyuma ya duara, akainama, akashika kamba zake, akapiga kelele kwa sauti yake ya kuita ng'ombe, “Hapa ndiyo pa kwangu? Au nisogee tena?”

“Rudi nyuma zaidi! Ulikuwa mbali bhana!”

Walicheka. Walilitembea goli lile mpaka wakafika benchi, na mmoja wao, simtaji, akasema, “Na Madamu alikuwa hapa, amefungua mdomo kama sangara.” Nikakubali kusimama hivyo, mdomo wazi, kwa faida ya elimu.

Baba yake alifika jua linazama, na kiberiti. Alimkuta binti yake anabishana na golikipa. Akauliza kutoka mbali, “Vipi mwalimu, tuwashe?”

Nilimwachia Wegesa ajibu.

“Baba, rudisha hizo kuni nyumbani. Mama hana za kupikia.”

Mzee alitia kiberiti mfukoni. Kisha akainama, akaanza kuzifunga kuni kwenye baiskeli, fundo baada ya fundo, na ilimchukua muda mrefu kuliko kawaida, kwa sababu alikuwa anafuta macho kwa mkono uleule anaofungia. Mkuu wa shule akamsaidia matairi.

Jiwe lilibaki. Tulibadili sheria tu: mpira ukimgusa Shangazi, filimbi, wapinzani wanapewa. Tukamstaafisha kabla yangu. Miezi ya mwanzo ilikuwa mibaya. Tulifungwa na shule ambazo zilikuwa zinatuogopa, kwani ilibidi wasichana wajifunze kwenda kumsaidia aliyebanwa, jambo la kuchosha na lisilopigiwa makofi. Niliwalipa ndizi mbivu. Wegesa alirudi kwenye njumu zake, lakini niwe mkweli kwenu: alirudi nusu. Alikuja mazoezini, alikimbia, alitoa pasi haraka haraka kama mtu anayeondoa kaa la moto. Mpira ukimfuata aliucheza. Kuuomba, hakuomba. Nilimtazama msimu mzima nikisubiri ainue mkono wa kuuomba. Mnaofundisha mtakutana na hili. Kumrudisha mtoto uwanjani ni kazi ya jioni moja. Kumfanya atake tena mpira hakuna mtu anayejua inachukua muda gani.

Mwaka uliofuata mechi ya kuamua ilichezwa Butiama, kwenye uwanja wa juu, wenye baridi ya vilima na matope ya mvua. Tulifungwa siku ile, niseme mapema ili msisubiri. Tulikuwa nyuma kwa bao moja na muda unakwisha. Mwalimu mwenzangu kijana, Elia, aliyekuwa amehamia kwetu mwaka ule, alikaa nami benchi. Watu wa Butiama nao wana simu. Wegesa alipogusa mpira tu wakaanza: “Jini! Mpe jini!”

Akampita beki. Akampita wa pili. Akabaki na golikipa peke yake, goli liko wazi upande wa kushoto kama mlango wa zizi. Alitakiwa apige. Badala yake akainua kichwa, akamwona Mkami anakuja mbio katikati, akampa. Mkami alikuwa ameshapitiliza. Akafunga, bendera ikapanda, ameotea. Goli likafutwa.

Uwanja ukalipuka. “Jini limeotea! Jini limeotea!” Elia alikuwa ameshasimama, ameshika jezi ya mchezaji wa akiba.

“Madamu, tumtoe? Wanamuua yule mtoto.”

“Subiri.”

Wegesa alikuwa amesimama kwenye eneo la hatari, mikono kichwani. Mkami alimfuata, na kutoka benchi tuliwasikia wazi, kwa sababu Mkami hajui kunong'ona.

“Wewe si upige tu! Goli lote lile!”

“Nilikuona!”

“Sasa ukiniona ndiyo lazima unipe? Mimi nimekuwa Shangazi?”

Wegesa alimtazama. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, na Elia akadhani hivyo hivyo, akaanza kumvua mchezaji wa akiba sweta. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika magoti, mbele ya watu wote wale wanaomwita jini, na Mkami naye akashikwa. Refa akawapigia filimbi warudi kwenye nafasi zao.

Wapinzani walipiga mpira wao wa adhabu vibaya, ukamfikia golikipa wetu mkononi. Wegesa alikuwa anakimbia kando ya mstari wa kulia, matope mpaka kiunoni, mkono ameunyoosha juu kabisa, vidole vimefunguka.

“Nipe mimi!” alikuwa anapiga kelele. “Nipe! Nipe tena!”

“Kaa chini, mwalimu,” nikamwambia Elia. “Ameomba mpira.”